Filimbi, daftari la mahudhurio na kiti cha mkurugenzi

Tangazo la kazi ya mkurugenzi wa asasi ya vijana, liwe la Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, husomeka karibu sawasawa. Anatakiwa mtu mwenye shahada ya uzamili, ikiwezekana ya usimamizi wa miradi, aliyezoea kuandika maandiko ya kuombea fedha na anayeyajua masharti ya wafadhili wakubwa. Yote hayo yana maana yake. Kinachokosekana ni swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza kabla ya mengine: huyu mtu amewahi kukaa na watoto wa watu, siku hadi siku na mwaka hadi mwaka, akawajibika kwa namna walivyotoka mikononi mwake? Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia, na mtu mwenye jibu zuri kuliko wengi ni yule aliyefanya kazi mbili pamoja, ya ualimu na ya ukocha. Nasema mbili kwa makusudi. Mwalimu peke yake hatoshi, na kocha peke yake anaweza hata kuwa hatari.

Mwalimu wa darasa hachagui. Daftari la mahudhurio linakuja na majina, naye anayapokea yote: anayejibu kabla swali halijaisha, anayesinzia kwa sababu hakula usiku, anayekaa nyuma kabisa na hajawahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze. Sheria inamlazimisha kuwa nao wote, na mtihani wa mwisho utawahesabu wote. Kocha naye anaishi kwa kuchagua. Kikosi ni cha watu 11, benchi lina nafasi chache, na waliobaki wanakwenda nyumbani. Kazi ya kwanza humfundisha mtu uvumilivu na wajibu kwa kila mmoja, lakini ikiwa peke yake huweza kumzoesha wastani, akaridhika kumaliza silabasi bila kujali nani amepaa na nani angeweza kupaa. Kazi ya pili humfundisha kuona kipaji kikiwa bado hakina umbo na kumdai kijana zaidi ya anavyojidai mwenyewe, lakini humzoesha pia kuwasahau walioachwa nje ya mstari. Asasi ya vijana inahitaji nidhamu zote mbili kila siku, maana ina fedha za kuwasaidia wachache na wajibu wa kimaadili kwa wengi. Aliyezibeba zote mbili kichwani mwake hahitaji mshauri wa kuja kumweleza kwamba zinagombana.

Tazama Iten, kule Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kiayalandi, alifika katika shule ya sekondari ya wavulana ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa na mafunzo ya riadha. Alimkuta Mwingereza Peter Foster akiwanoa wakimbiaji wa shule, na Foster alipoondoka kazi ikamwangukia yeye. Akajifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, jambo ambalo mwalimu yeyote wa kweli analijua: unamsoma mtoto kwanza, kitabu baadaye. Mwaka 1988 mwanafunzi wake wa zamani, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Miaka minne baadaye Matthew Birir akachukua ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona. Mwaka 2012, miaka 36 baada ya mwalimu yule kushuka Iten, David Rudisha, naye mkimbiaji wake, alikimbia mita 800 jijini London kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia.

Medali ndizo zinazosimuliwa, na kwa haki. Kwangu mimi hatua nzito zaidi ni ile ya mwaka 1989, alipoanzisha kambi za likizo kwa vijana wadogo. Shule yake ilikuwa ya wavulana. Kambi zilifungua mlango kwa wasichana na kwa wanafunzi wa shule nyingine ambao hakuna daftari lililomlazimisha kuwapokea. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 huko Osaka, ni mmoja wa walionolewa na mwalimu huyo. Kambi ile haikuanza na andiko la mradi wala na jedwali la viashiria, na kwa karatasi huenda isingeitwa asasi kabisa. Kwa kazi yake, hata hivyo, ilikuwa asasi ya vijana kamili: mahali pa kukutana, ratiba, watu wazima wanaowajibika, na muda wa kutosha. Neno la mwisho hilo ndilo la kukazia. Kati ya mtoto wa miaka 14 anayekimbia peku na mtu mzima anayesimama kwenye jukwaa la dunia kuna miaka minane au kumi. Miradi mingi ya vijana tunayoijua hupewa miaka miwili au mitatu, kisha bango linang'olewa. Mwalimu amezoea kalenda ndefu. Anampokea mtoto kidato cha kwanza akijua kwamba matunda, yakija, yatakuja baada ya miaka minne na pengine yataonekana kwa mtu mwingine. Msimamizi wa miradi amefunzwa kalenda fupi, na si kosa lake, ndivyo anavyolipwa.

Katwe, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, unatupa ushahidi wa aina nyingine, ulio karibu zaidi na kiini cha hoja yangu. Robert Katende alikuwa kocha wa soka katika shirika la Kikristo linalotumia michezo kuwafikia watoto. Uwanjani aliona kile ambacho makocha wengi hawakioni kwa sababu macho yao yako kwenye mpira: kulikuwa na watoto waliosimama pembeni bila kucheza. Kocha mtupu angesema hao hawapendi soka, kisha angeendelea na mazoezi. Katende alijiuliza afanye nini na hao walio pembeni, akawaletea ubao wa sataranji. Watoto walivutwa na mchezo, na tusijidanganye, walivutwa pia na kikombe cha uji. Miongoni mwa waliofika ni Phiona Mutesi, binti aliyemfuata kaka yake, ambaye mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul akapata hadhi ya kimataifa ya mchezo huo. Kitabu kiliandikwa, na mwaka 2016 ikatoka filamu iliyoongozwa na Mira Nair. Katende mwenyewe ameendelea hadi kuongoza taasisi inayobeba jina lake na kuwafundisha watoto wengine wengi ambao hawatatengenezewa filamu.

Uamuzi wa Katende pale uwanjani ulikuwa wa mwalimu. Alifanya hesabu ya darasa, ya nani hayupo kwenye mchezo na kwa nini, ndipo akatumia jicho la kocha kutambua kwamba binti mmoja kati ya wale wa pembeni anaona hatua kadhaa mbele ya wenzake. Programu ile haikuzaliwa na utafiti wa awali uliofanywa na mshauri wa kukodi. Tathmini ya mahitaji, kama wanavyoiita watu wa miradi, ilifanywa na mtu aliyekuwa na filimbi shingoni. Hilo haliwezi kuigizwa na mkurugenzi anayewatembelea vijana mara moja kwa robo mwaka akiwa na mpiga picha.

Atatokea msomaji wa kunikumbusha Mathare, na atakuwa na haki. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mtaalamu wa masuala ya mazingira. Hakuwa mwalimu wa shule. Hata hivyo MYSA imekuwa mfano unaotajwa duniani kote: timu za watoto zilipata pointi kwenye msimamo wa ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa takataka, vijana walipewa misaada ya ada kwa kujitolea kwao, na kutoka humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Je, hoja yangu imekufa? Sidhani, ila inabidi ipunguze majivuno. Mathare inaonyesha kwamba nidhamu za mwalimu na kocha zinaweza kuandikwa ndani ya kanuni za asasi hata kama mwanzilishi hakutoka darasani. Pointi ya usafi ni kanuni ya mwalimu iliyoingizwa kwenye ligi ya kocha: mtoto asiyejua kupiga chenga anaisaidia timu yake kwa ufagio, hivyo naye anahesabika. Na waliozitekeleza kanuni hizo mitaani, Jumamosi baada ya Jumamosi, walikuwa vijana wenyewe waliogeuka makocha, waamuzi na viongozi. Munro alikuwa na akili ya kuwaachia. Bodi inayotegemea kumpata mwanzilishi wa aina hiyo kwa tangazo la gazetini inacheza bahati nasibu.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na utawala. Kuongoza asasi leo ni kazi ya makaratasi, na makaratasi yana meno. Tanzania ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake ya 2019, inayotaka taarifa za mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Kenya imeanza kutumia Mei 2024 sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyokuwa imepitishwa tangu 2013. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akipeleka timu ya shule kwenye mashindano ya wilaya, wanasema wapinzani, atazama humo. Wengine wamezama kweli. Moyo wa kupenda watoto haujui kusoma mizania, na kocha aliyezoea kutoa nauli mfukoni mwake na kujirudishia baadaye bila risiti ni balaa mbele ya mkaguzi.

Lakini pingamizi hilo linamhusu mwalimu anayerushwa kutoka darasani hadi kwenye kiti cha mkurugenzi kwa siku moja. Njia ninayoitetea ina ngazi. Geoffrey Canada, aliyekulia South Bronx mjini New York, alisomea shahada ya uzamili ya elimu Harvard mwaka 1975, akafundisha Boston katika shule ya vijana walioshindikana kwingine, akapanda hadi kuiongoza. Mwaka 1983 alihamia Harlem kwenye asasi iliyoitwa Rheedlen akiwa msimamizi wa programu, na jioni aliwafundisha vijana wa mtaa taekwondo. Urais wa asasi aliupata mwaka 1990. Baina ya chaki na kiti kikuu kulikuwa na miaka 15, na ndani ya miaka hiyo alijifunza bajeti, bodi na wafadhili huku vijana wakiwa bado mbele yake. Baadaye ndipo ukaja mradi uliompa jina, Harlem Children's Zone, ulioanza na mitaa 24 na kukua hadi kufikia 97, ukimfuata mtoto tangu kwenye mafunzo ya wazazi kabla hajazaliwa hadi chuo kikuu. Fikiria kalenda hiyo. Mfanyabiashara asingeithubutu kwa sababu faida iko mbali mno, na mwanasiasa kwa sababu ya uchaguzi. Tena tukubali kwamba mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya kata, anayepanga chakula, maabara, madawati na safari za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa fedha isiyotosha na bado anaulizwa matokeo, amekwishakuwa meneja kuliko wengi wenye cheti cha umeneja. Mhasibu mzuri anaajiriwa. Jicho la kumwona mtoto aliye pembeni haliajiriwi kwa mkataba wa miezi sita.

Harlem hiyohiyo, hata hivyo, inatoa ushahidi unaouma, na mtetezi mwaminifu hapaswi kuuruka. Mwaka 2004 asasi ya Canada ilifungua shule yake, Promise Academy. Matokeo ya wanafunzi wa kwanza wa darasa la sita yalisuasua, bodi iliyojaa watu wa fedha ikataka alama zipande, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba wanafunzi hao, wakiwa sasa darasa la nane, hawataendelea na sekondari pale; ilibidi familia zitafute shule nyingine. Walikuwa wameingia kwa bahati nasibu wakiwa na ahadi, na jina la shule lenyewe lilikuwa ahadi. Hapa kocha alimshinda mwalimu ndani ya mtu yuleyule: kikosi kilipunguzwa ili timu ishinde. Wachumi Will Dobbie na Roland Fryer wa Harvard walikuja kuonyesha kwamba waliosoma katika shule za asasi hiyo walipanda sana katika hisabati, na hilo ni jambo kubwa. Halifuti uamuzi wa 2007. Uamuzi huo unatufundisha kwamba kuwa na asili ya ualimu si kinga. Fedha kubwa ina namna yake ya kumgeuza mpokeaji wa wote kuwa mchaguzi wa wachache, kwa sababu wachache walioshinda wanapendeza kwenye ripoti.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba bodi ya asasi ya vijana imuulize mkurugenzi wake kuhusu walioondoka. Ripoti nyingi za asasi zetu zina picha ya kijana mmoja aliyefika mbali na maelezo yake ya aya mbili. Mwalimu wa darasa angeona aibu kuwasilisha ripoti ya namna hiyo kwa mkuu wa shule. Angeulizwa, na wengine 49 wako wapi? Idadi ya waliojiunga, waliobaki baada ya mwaka, waliotoka na sababu za kutoka, ni hesabu rahisi ambayo kila mwalimu wa zamu anaijua. Mfadhili akiitaka hiyo kabla ya hadithi ya mafanikio, asasi zitabadilika haraka kuliko kwa semina kumi za kujengeana uwezo.

Lipo pia suala la usalama wa watoto, nalo silizungumzi kwa haraka. Kocha ana mamlaka ya ajabu juu ya kijana. Anaamua nani anasafiri, nani anapata viatu, nani anaonwa na wakala. Anakuwa naye alfajiri na usiku, kambini na safarini. Kashfa za unyanyasaji wa kingono zimeitikisa michezo katika nchi nyingi, na hakuna sababu ya kudhani sisi tumeepushwa. Mtu anaweza kusema basi hii ndiyo sababu ya kuwaweka makocha mbali na vyeo vya juu. Nafikia uamuzi mwingine. Mwalimu aliyesajiliwa anaweza kufutwa usajili. Nchini Kenya, kwa mfano, Tume ya Huduma za Walimu ilitoa mwaka 2010 waraka namba 3 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na mwalimu anayeuvunja anajua kilicho mbele yake. Kocha wa kujitolea katika asasi ya mtaani mara nyingi hana chombo chochote kilicho juu yake. Kumleta mtu aliyelelewa chini ya kanuni za taaluma, na kuzihamishia kanuni hizo uwanjani kwa maandishi, kunawalinda watoto zaidi kuliko kumweka juu yao afisa asiyejua nani analala wapi wakati wa kambi. Na mkurugenzi aliyetoka ukochani avue mamlaka ya kuchagua timu siku anayopewa ofisi. Asiyeweza kuliacha benchi asiombe kiti.

Kuna wanaohofia kwamba tutawanyang'anya shule walimu wao bora. Hofu hiyo ina ukweli kidogo, lakini walimu wanaondoka hata sasa, kwenda bodaboda, siasa na biashara. Heri wachache wao wabaki na vijana. Shida kubwa iko upande mwingine: tunakausha chemchemi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule, UMISSETA ikiwemo, kisha ikayarudisha miaka michache baadaye. Katika kipindi hicho walimu vijana waliingia kazini bila kuwahi kuongoza timu hata moja, na shule nyingi zilikuwa zikijengwa bila uwanja. Chuo cha michezo cha Malya, wilayani Kwimba, hakiwezi peke yake kuziba pengo hilo. Mwalimu wa michezo katika shule zetu bado ni mtu anayepewa jukumu hilo kwa sababu ndiye mdogo kiumri kwenye ofisi ya walimu, bila kupunguziwa vipindi na bila posho ya maana. Huko ndiko wangetoka viongozi wa asasi za vijana wa mwaka 2040, na tunawachosha kabla hawajaiva.

Kuijenga ile ngazi niliyoitetea si ghali. Asasi zinazofanya kazi na shule zinaweza kumwazima mwalimu wa michezo kwa likizo, kisha kwa mwaka mmoja, zimpe bajeti ndogo aisimamie na kuitolea hesabu, zimweke kwenye kamati kabla ya kumweka kwenye ofisi. Canada mwenyewe alipoacha uongozi wa kila siku mwaka 2014 alimwachia Anne Williams-Isom, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya asasi hiyohiyo kwa miaka, na asasi ikaendelea. Katika mazingira yetu, ambako asasi nyingi hufa na mwanzilishi au kugeuka mali ya familia yake, kuwa na mtu wa pili aliyeandaliwa ni jambo la kudaiwa kwenye katiba ya asasi, lisiachwe kwa hiari ya mkubwa.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wajumbe wa bodi watakaokaa mwezi huu au ujao kuandika tangazo la kumtafuta mkurugenzi wa asasi ya vijana. Shahada ya uzamili iacheni ilipo kama mnaipenda. Ongezeni sharti kwamba mwombaji awe amefundisha darasani kwa miaka isiyopungua mitano na kulea timu, klabu au kikundi cha vijana kwa muda kama huo, na siku ya usaili mtakeni awaeleze walipo sasa wale ambao hawakuwahi kushinda chochote. Akibabaika hapo, mwiteni anayefuata.